Kijiko cha chumvi na mtoto anayeharisha

Bila shaka umewahi kutengeneza kachumbari. Unakata matango na vitunguu, unanyunyiza chumvi, unafunika. Baada ya nusu saa unakuta maji chini ya bakuli, ingawa hukutia hata tone. Yametoka wapi?

Yametoka ndani ya tango lenyewe. Tango limejengwa kwa chembe hai ndogo mno, ziitwazo seli. Kila seli ina maji ndani na imezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi, lakini chumvi haipiti ovyo. Nje kukiwa na chumvi nyingi kuliko ndani, maji huvutwa nje, seli hunywea na tango hulegea. Wataalamu huita jambo hili osmosisi. Jaribu mwenyewe kwa kiazi: kipande kimoja kilaze usiku katika maji matupu, kingine katika maji ya chumvi kali. Asubuhi cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili kitapindika kama mpira.

Kwa nini kachumbari katika ukurasa wa afya? Kwa sababu mwili wa mtoto nao umejengwa kwa seli, na maji yake hufuata chumvi vivyo hivyo.

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi, naye hurudishiwa kwa kunyweshwa maji ya ORS. Pakiti ikikosekana, mama huchanganya nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Nusu kijiko hicho ni kama gramu 3. Damu yetu ina ukali unaolingana na gramu 9 hivi za chumvi kwa lita. Basi mchanganyiko huu ni mwepesi kuliko damu, na maji huingia mwilini. Sukari si ya utamu tu. Ndiyo inayosaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji hufuata.

Sasa mama akichukua kijiko cha chakula kilichojaa, amezidisha ukali wa damu. Maji yatavutwa kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara kutazidi. Chumvi itakayopenya hadi kwenye damu itanyonya maji ya seli za ubongo. Mtoto atakuwa na kiu kali, atasumbuka, hata kupata degedege, na waliopo watadhani ni ugonjwa mwingine kabisa. Soda nayo haifai, maana sukari ikizidi huvuta maji kama chumvi.

Hata pakiti zenyewe zilirekebishwa: mwaka 2004 WHO na UNICEF walipendekeza zenye chumvi na sukari pungufu kuliko zile za zamani. Lakini pakiti ya lita moja ikikorogwa katika kikombe kimoja, kosa ni lile lile. Soma kipimo kilichoandikwa.

Kabla ya kumpa mtoto, onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, mwaga uchanganye upya. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, endelea kumnyonyesha, na yakibaki baada ya saa 24 yamwage. Akilegea, akishindwa kunywa au akiharisha damu, mpeleke zahanati mara moja.