Kompyuta Shuleni: Nani Anayeitawala?

Katika madarasa ya itikadi hapa Nangara, mjini Babati, baadhi ya makada hutuuliza: je, kompyuta shuleni si njia mpya ya kuturudisha katika utegemezi? Wengine huwajibu kwamba kompyuta ndiyo maendeleo yenyewe. Pande zote mbili zinakosea, maana zinakitazama chombo na kumsahau mtu.

Tuanze na historia. Hazina ilifunga kompyuta mwaka 1965. Utaalamu ulikuwa mikononi mwa wageni, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka miaka ya 1990. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake. Lakini ulikuwa na gharama pia: walimu wengi walimaliza chuo bila kuigusa mashine hiyo, na ilipotolewa Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi mwaka 2007, baadhi yao ndio waliotakiwa kuitekeleza.

Hata hivyo Taifa lilikwisha kuonyesha jinsi chombo cha mawasiliano kinavyoweza kuwa cha umma. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio. Redio haikuachwa peke yake. Palikuwa na kijitabu, palikuwa na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, na baada ya majadiliano watu walichimba vyoo. (Redio haichimbi choo, ndugu.) Lugha ilikuwa Kiswahili, na asiyejua kusoma alishiriki sawa na wenzake.

Tuipime kompyuta kwa kipimo hicho. Shule inayopewa mashine bila fundi, bila fungu la umeme na bila mafunzo ya walimu imepewa samani. Chumba kitafungwa kwa kufuli na mwanafunzi atachora kibodi kwenye daftari. Hata mashine ikiwaka, mtoto aliyesoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi atakuta maelezo ya Kiingereza. Hapo tofauti za kitabaka hujitokeza: mwenye kompyuta nyumbani husonga mbele, mtoto wa mkulima wa mbaazi hungoja zamu.

Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ilitaka shule iwe sehemu ya jamii inayozalisha. Basi kompyuta ianzie hapo: wanafunzi waweke hesabu za shamba la shule, vipimo vya mvua na bei za mbaazi, kwa Kiswahili, na wazazi wasomewe. Na kamati ya shule, kabla ya kupokea msaada wowote, iulize ni nani atakayetengeneza mashine, vipuri vitatoka wapi, na bili ya umeme italipwa kwa fungu gani.