Aliyeviringisha Rolex ya Kwanza

Rolex ya Uganda ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai ya kukaanga, na chimbuko lake linahusishwa na Busoga, ambako Jinja ndio mji mkubwa. Chapati yenyewe ililetwa na Wahindi, waliofungua maduka Jinja na Mbale enzi za ukoloni. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni mchuuzi Msoga aliyekuwa akikaanga chapati Wandegeya, Kampala, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere. Wanafunzi wenye haraka na pesa kidogo ndio walioieneza.

Kazi ya kupika rolex yataka mkono mwepesi. Mchuuzi hupiga mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki pamoja na kitunguu, kabichi na chumvi, humimina kwenye chuma cha moto chenye mafuta, kisha huilaza chapati juu kabla yai halijakauka, ili vishikane. Hugeuza, hupanga vipande vya nyanya mbichi, huviringisha.

Ubunifu huu ulistahili heshima mapema zaidi: tamasha la kwanza la rolex lilikuja kufanyika Kampala mwaka 2016 tu. Mwaka 2021, rolex ya zaidi ya kilo 200 iliingia kwenye rekodi za dunia za Guinness.