Hela za Kampeni Marekani, Dawa za Asumbi

Mara kwa mara naulizwa: wewe mtu wa Pwani, siasa za Washington zakuhusu nini? Jibu langu naanzia mbali na bahari, Asumbi, kule Rangwe katika Kaunti ya Homa Bay, mahali ambapo Wakenya wengi wanapajua kwa shule ya wasichana na chuo cha walimu.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na virusi vya Ukimwi. Nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Watu hawa humeza dawa kila siku. Wakizikatiza, virusi hurudi kwa nguvu na huweza kuzoea dawa zenyewe. Tangu 2003, sehemu kubwa ya gharama hiyo imebebwa na mpango wa Marekani uitwao PEPFAR, ulioanzishwa na Rais George W. Bush. Mgala muue na haki umpe: mpango ule umeokoa mamilioni ya watu.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baadaye dawa za kuokoa maisha ziliruhusiwa, lakini wahudumu wengi waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo walikuwa wamekwisha kuambiwa wakae nyumbani. Dawa bila mtu wa kuigawa ni boksi tu. Kufikia Julai 1 mwaka huo, shirika la USAID lilikuwa limefungwa.

Aliyejigamba kwenye mtandao wa X kwamba wamelisaga shirika hilo wikendi moja ni Elon Musk. Hakuna Mmarekani aliyempigia kura. Yeye ni tajiri mwenye kampuni zinazopata kandarasi za serikali, na katika uchaguzi wa 2024 alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump na wenzake. Baada ya ushindi, akapewa kikosi cha kupunguza matumizi ya serikali. Sisemi kwamba Trump hakuwa na nia yake mwenyewe. Nasema aliyegharamia kampeni alipewa panga.

Hela nyingi hivyo zaruhusiwaje? Januari 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Citizens United, kwamba kampuni haziwezi kuwekewa kikomo cha matumizi yao wenyewe katika uchaguzi, maadamu haziwapi wagombea moja kwa moja. Hapo ndipo zikazuka kamati za pembeni zinazopokea hela bila mpaka. Siku chache baadaye Rais Barack Obama aliikosoa hukumu hiyo bungeni, majaji wakiwa wameketi mbele yake. Babu yake, Hussein Onyango Obama, asili yake ni upande wa Kendu Bay, Homa Bay hiyo hiyo. Mjukuu alionya, na tufani ikapiga kwao.

Lakini tusicheke ya jirani. Kenya tuna Sheria ya Kufadhili Kampeni tangu 2013, inayotaka wagombea waweke wazi hela zao na kuwekewa kikomo. Uchaguzi wa 2017 ulipita bila sheria hiyo kutumika. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi ilitangaza viwango, wabunge wakavikataa, na 2022 ukapita vivyo hivyo. Anayemwaga noti Mombasa au Migori, je, unadhani anatoa sadaka?

Kuna na deni la pili. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika. Desemba 2025 tulitia saini mkataba mpya wa afya na Marekani: wao dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, nasi tuongeze milioni 850. Ni hatua, lakini sehemu kubwa bado iko mikononi mwa mwingine.

Basi mgombea akija kwako 2027, muulize mawili: kampeni yako inalipwa na nani, na dawa za watu wetu utazilipia vipi? Nguo ya kuazima haisitiri maungo.