Mtu mubaya akipewa mikrofoni

Stromae, jina lake kamili Paul Van Haver, alizaliwa Bruxelles mwaka 1985. Mama yake ni Mubelgiji. Baba yake, Munyarwanda, aliuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994. Najua kwetu huku wako watu ambao wakisikia tu neno Rwanda wanazima redio. Lakini "Papaoutai" ya 2013 tuliicheza wote, hata kwenye arusi za Butembo, na hakuna aliyeiomba karati.

Wimbo nataka kusema leo ni mwingine, "Fils de joie", iko kwenye albamu yake "Multitude" ya machi 2022. Muziki ni wa mashine, wa kuchezesha mabega. Jina lenyewe ni mchezo: kwa Kifaransa malaya anaitwa kwa upole wa uongo "fille de joie", binti wa furaha. Stromae amegeuza: mtoto mwanaume wa furaha. Huyo mtoto ndiye anaimba kiitikio, anatetea mama yake. Katikati wanasema wanaume: mteja, yule anayekula pesa ya mwanamke, na polisi. Hakuna anayejiona mubaya. Kila mmoja anajisafisha, na kadiri anavyojisafisha uchafu unaonekana zaidi. Mwimbaji hamtukani, anamuachia mikrofoni tu.

Hapo wengi wanapotea. Nimesikia vijana kando ya shimo wakiimba sehemu ya mteja na kucheka, sawa vile huyo ndiye shujaa. Kiitikio cha mtoto wanakiruka.

Ukisikiliza polepole, hao wanaume unawafahamu. Kwenye machimbo yetu ya Kasugho na Lubero yote, mchimbaji aliyepata dhahabu leo anasema: mimi nalipa, kosa langu wapi? Mwenye nganda anasema anamulinda binti, kumbe nusu ya pesa inabaki kwake. Mwenye uniforme kwenye barieri anataka kitu kwa mwanamke mbele ya kumupitisha. Hawa wawili wa mwisho sheria ya 20 julai 2006 inawajua, lakini sijaona imefika barieri. Na iko wa nne ambaye Stromae hakumujua: yule anayesema mwanamke akikaribia shimo dhahabu inakimbia. Ajabu, dhahabu hiyo haikimbii wakati mama anabeba mawe mgongoni, anatwanga, anaosha mchanga, ao anatukopesha ugali na sombe wiki tatu tukingoja shimo litoe.

Neno malaya lina kazi yake kwetu. Mama amebeba mizigo tangu asubuhi, jioni anakuja kuomba malipo kwa PDG wa shimo. Anajibiwa kwa neno hilo moja, watu wanacheka, na deni limekwisha. Nani atamutetea? Hata sisi wa sendika tunageuza macho. Kanuni ya serikali ya 2012 juu ya kupima machimbo inakataza wanawake wenye mimba, si wanawake wote. Kwetu neno mimba lilianguka njiani, likabaki katazo tupu.

Kwenye klipu ya wimbo huo mwanamke anazikwa kwa heshima za taifa, na askari na gwaride, sawa vile mukubwa wa inchi. Na si kwa picha tu: Ubelgiji mwaka huo huo wa 2022 waliondoa kazi hiyo kwenye makosa ya jinai, na tangu 1 desemba 2024 bamama hao wanaweza kusaini mkataba wa kazi wenye likizo ya uzazi, ya ugonjwa, na pansheni. Siombi tufanye vile hapa, mapadri watanifukuza kanisani. Lakini mtu wa sendika akisoma habari ile anajiuliza: na huyu mama anayetwanga mawe yetu, ambaye hauzi mwili wake kwa mtu, mkataba wake uko wapi?

Kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi nitaomba daftari la shimo liandike majina ya wabebaji na watwangaji pamoja na ya wachimbaji, na walipwe siku ile ile dhahabu inapopimwa, mbele ya PDG kuchukua yake.