Kasha kuukuu la filamu lapaswa kupimwa kabla ya kuaminiwa

MPIGA picha wa Marekani, Ansel Adams, alipoona mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, aliwahi kupiga picha moja tu. Alipogeuza kasha la filamu ili apige ya pili, jua lilikuwa limekwisha kutoweka.

Lau kasha hilo lingalivujisha mwanga, picha hiyo mashuhuri isingalipatikana.

Kamera kubwa kama hiyo, ya inchi 8 kwa 10, hutumia vipande vya filamu. Kasha hubeba viwili, kimoja kila upande, na kila kimoja hukingwa na kibamba cheusi kinachochomolewa wakati wa kupiga picha.

Makasha ya mbao ya zamani yangali yakitumiwa, lakini yana udhaifu wake. Kitambaa cha mahameli kinachoziba upenyo wa kibamba hulika, bawaba ya kitambaa hupasuka, nayo mbao hupinda. Hapo mwanga hupenya, au filamu hukaa mahali pasipostahili na picha ikakosa ukali.

Hata hivyo, umri pekee hauwezi kulihukumu kasha. Njia rahisi ni kulitia karatasi ya picha, iliyo nafuu kuliko filamu, kwenye chumba cha giza, kulianika juani dakika chache kila upande, kisha kuisafisha karatasi hiyo.

Ikitoka nyeupe, kasha halivuji. Mchirizi mweusi huonyesha mahali pa kuzibwa.

Aidha, ni busara kuyapa makasha nambari, ili lenye kasoro litambulike upesi.