Mnunuzi wa mara ya pili

Mwezi wa Shaabani uliopita kamati ya msikiti wetu hapa Mbinga ilitoa mkopo mwema, usio na riba, kwa kikundi cha akina mama kumi na mmoja. Fedha hizo zilitoka katika mfuko wa msikiti. Zilikuwa ni sadaka za watu, nyingine za sarafu zilizotumbukizwa sandukuni na watoto siku ya Ijumaa. Kikundi kilikusudia kununua dagaa wa Ziwa Nyasa kule Mbamba Bay, kuwafunga katika pakiti zenye nembo na kuwauza Mbinga mjini na Songea.

Kabla ya hapo tuliandaa semina ya ujasiriamali ya siku mbili. Tulifundishwa kuandika mchanganuo wa biashara, kutafuta masoko na kutunza daftari la mapato na matumizi. Vyeti viligawiwa, picha zikapigwa. Pakiti za kwanza zilimalizika katika Ijumaa mbili tu, nasi tukaandika katika kumbukumbu za kikao kwamba mradi umefanikiwa. Neno hilo tuliliandika kwa mkono wetu wenyewe, na leo linatutia haya.

Pakiti za awamu ya pili zilikaa. Wiki ya tatu mhazini alituuliza deni litalipwa kwa nini, tukakosa la kumjibu. Basi tulitoka, sisi na akina mama wawili wa kikundi, tukapita nyumba kwa nyumba kwa wale walionunua mwanzo. Wengi walitujibu kwa adabu kuwa bado wanao. Bibi mmoja, aliyetukirimu chai kwanza, ndiye aliyetwambia kweli: “Mwanangu, wale dagaa niliwanunua kwa ajili ya msikiti. Wana mchanga. Sadaka nimekwisha kuitoa. Usinitake niitafune tena.”

Maneno hayo yalitufunza kuliko semina nzima. Mnunuzi wa kwanza huenda akanunua kwa udugu, kwa huruma, au kwa kutaka kuona tu kilichomo. Anayerudi mara ya pili, baada ya kupika na kula, ndiye shahidi. Semina ilitufundisha namna ya kumpata wa kwanza. Juu ya wa pili haikutaja neno.

Tukateremka ziwani. Yeyote aliyepita mwaloni asubuhi anaijua hali ile: dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mitumbwi ikifika ufukweni dagaa humwagwa juani wakauke. Wanaoanikwa juu ya mchanga wakiwa bado na unyevu huushika, na wakishakauka hautoki wote hata ukiwapepeta. Dawa yake inajulikana, nayo ni kichanja: nguzo za miti, juu yake wavu kuukuu, upepo ukipita juu na chini. Dagaa hukauka upesi zaidi, na kuku na mbwa hawawafikii. Tulimwuliza mzee mmoja wa mwaloni kwa nini basi si wote wanaotumia vichanja. Alicheka. Dagaa huuzwa kwa ndoo, alisema, na bei ya ndoo ni ileile, wawe wa kichanja au wa mchangani. Na mchanga nao hujaza ndoo. Tajiri anayepakia magunia hapiki. Anayepika yuko mbali, na malalamiko yake hayafiki ziwani.

Hapo ndipo tulipoona kuwa kosa halikuwa la mwanikaji peke yake. Sisi nasi tulikuwa tajiri yule yule: tulinunua kwa ndoo, tukapakia, tukabandika nembo nzuri juu ya mchanga. Tuliosoma vyuoni tunaikumbuka vyema hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali alipotoa udhuru wa mvua, aliulizwa kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akaonywa kuwa mwenye kughushi hayumo katika sisi. Tumeisomesha hadithi hiyo mara nyingi madrasa. Hatukuwahi kutia mkono katika ndoo yetu wenyewe.

Tuliporudi tulipanda milima ya Umatengo, na gari likiwa linapumua kwenye miteremko ile tuliyatazama mashamba ya ngoro kwa jicho jingine. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati na kurushwa juu ya nyasi. Yakabaki mashimo kama vyumba vya sega la nyuki, yenye kuzuia maji yasiukokote udongo bondeni. Kwa desturi wanaume hufyeka, wanawake huchimba. Kazi ni nzito, tena hakuna aliyelipwa kuitangaza. Hata hivyo Wamatengo wameishika kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa kuwa mteremko mkali hulimika mwaka huu na mwaka ujao, maharage kwanza kisha mahindi. Aliyeibuni alikuwa na tatizo lile lile alilokuwa nalo mtumiaji, maana alikuwa ni mtu mmoja.

Walio mbali na mtumiaji hulazimika kumtazama na kumsikiliza. M-Pesa, ambayo leo hata bibi yetu yule anaitumia, ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Watu wa majaribio wakaonekana wanatumiana fedha wao kwa wao. Waanzilishi hawakugombana nao. Waliigeuza, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kuwa ni njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikafika kwetu Tanzania.

Lakini tusidanganyane kwamba kila kinachorudiwa ni chema. Vijana wetu hurudi kwenye mikeka ya kamari kila Jumamosi, na mikopo ya simuni yenye riba hurudiwa na mtu kwa sababu ile ya kwanza imemfilisi. Hayo nayo yamebuniwa kwa ustadi mkubwa. Muislamu anayefanya biashara hana budi kuuliza vilevile mteja wake anarudi akiwa katika hali gani.

Tulikutana tena na kikundi, safari hii bila mkufunzi. Tulichukua pakiti moja, tukaiosha na kuipika pale pale, tukala pamoja. Mambo yalijitokeza ambayo hakuna kati yetu aliyeyafikiria. Pakiti ilikuwa kubwa mno kwa mboga ya siku moja, na kwa kuwa ilifungwa kwa moto, ikishafunguliwa haifungiki tena. Waliobaki hunywea unyevu wa baridi ya huku milimani na kuanza kunuka. Mama mmoja alisema kwake hupima kwa kikombe, si kwa kilo. Tangu hapo pakiti ni ya vikombe viwili. Tumekubaliana pia na wanikaji watatu wa mwaloni kwamba tutawaongezea bei kwa kila ndoo ya kichanja, na kwamba mama mmoja wa kikundi atakuwepo kutia mkono ndani kabla ya fedha kutolewa.

Nyongeza hiyo imepunguza faida. Mpaka sasa nusu tu ya deni imerejeshwa, na mzee mmoja wa kamati alipendekeza iliyobaki isamehewe, kwani kumsamehe mwenye dhiki ni jambo lenye malipo makubwa. Akina mama walikataa. Walitukumbusha kisa kilichomo katika Sunan Abi Dawud, cha Ansari aliyekuja kuomba: Mtume (s.a.w.) aliuza nguo yake na bakuli lake kwa dirhamu mbili, moja ya chakula cha nyumbani, moja ya shoka, akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akate kuni. Sisi, walisema, mmetupa shoka lisilo na mpini, na mpini ndio kwanza tunauchonga.

Mvua zimekaribia, na wakati wa mvua dagaa hawakauki vyema hata juu ya kichanja. Kikundi kimeamua kwamba ndoo isiyokauka haitafungwa, hata kama maduka yatasubiri. Yule bibi alinunua pakiti moja Ijumaa iliyopita. Hajarudi bado.