Mwenye vyombo ndo mwenye bendi

Mshkaji wangu mmoja, mpiga solo hapa Sumbawanga, kaacha bendi wiki hii. Katoka na nyuzi za akiba mfukoni, basi. Gitaa kaliacha, ampu kaiacha, mpaka jina kaliacha. Watu wanamcheka. Mimi simcheki, muziki wa dansi Bongo umejengwa hivyo toka zamani.

NUTA Jazz ilianza 1964, vyombo mali ya chama cha wafanyakazi, wanamuziki wanakula mshahara. Mlimani Park ikaja 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafiri, TTTS, na 1983 ikachukuliwa na DDC. Mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka wakahamia Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara Hugo Kisima. Na Super Matimila ya marehemu Remmy Ongala? Matimila ni jina la mwenye vyombo, si la mwanamuziki!

Sasa angalia hesabu ya mlangoni. Kwanza anakata mwenye vyombo, halafu mafuta ya jenereta, halafu gari. Kinachobaki ndo mnagawana nyie watu wanane. Hapo umepiga mpaka alfajiri na baridi yetu ya Ufipa, tyuni inahama kila ukumbi ukipata joto. Ukilalamika, bosi anafunga stoo, na funguo anayo yeye.

Mshkaji sasa anapiga harusi kwa gitaa la kuazima. Anadunduliza, anataka la kwake hata kama ni mtumba.